Ndevu za Gogo Mkubwa

Gogo Mkubwa alikuwa na ndevu, na kwetu Boito hakuna aliyemcheka. Hazikuwa za kufunika uso. Zilikuwa nyeupe, ngumu, zimejikusanya chini ya kidevu na pembeni mwa mdomo. Jumamosi mchana, kwa sababu ya kanisa la kesho yake, alikaa kwenye kigoda nyuma ya jikoni, akainua uso kuelekea jua na kufumba macho. Gogo Mdogo alizipunguza kwa makasi ya kushonea. Zile zilizokuwa zinawasha alizing'oa. Alichovya vidole kwenye majivu ya jikoni ili nywele zisiteleze, akashika, akavuta, na Gogo Mkubwa akatoa mguno mdogo ambao sisi watoto tuliuiga huku tukikimbia.

Gogo kwetu ni nyanya, mama ya baba au ya mama. Asiyejua asifikirie gogo la kuni. Upande wa baba nilikuwa na gogo wawili, na hao wawili walikuwa mume na mke. Najua mgeni akifika hapa huniangalia mara mbili, kwa hiyo nieleze. Gogo Mkubwa aliolewa akiwa msichana, mume wake akafariki kabla hawajapata mtoto. Kwetu Wakipsigis nyumba ya namna hiyo haikuachwa ife. Mwanamke mwenyewe aliweza kutoa ng'ombe, akaoa mke, na watoto wa huyo mke wakawa watoto wa nyumba yake. Waliitwa kwa jina la marehemu na wakarithi shamba lake. Ndivyo Gogo Mkubwa alivyofanya alipopita umri wa kuzaa. Gogo Mdogo ndiye aliyeletwa, akiwa msichana mrefu anayetembea haraka, na akamzaa baba yangu na shangazi zangu. Nani mwingine alihusika katika kuwazaa ni swali ambalo halikuulizwa. Aliyeliuliza alionekana hana adabu na hana kazi.

Basi watu walisema ndevu zilimjia Gogo Mkubwa kwa sababu ya ng'ombe. Ng'ombe walipotoka zizini, ndevu zikaingia. Alikuwa mwenye nyumba sasa, alikaa na wanaume kwenye mikutano ya mipaka na mahari, na mwili wake ulikuwa umesikia habari hiyo. Mimi nikiwa mdogo niliamini kabisa. Niliogopa hata kukalia kile kigoda chake, nisije nikaamka asubuhi nikiwa na sharubu.

Zangu zilianza nikiwa chuo cha ualimu. Siku moja kwenye kioo cha bweni niliona unywele mmoja mweusi umesimama kidevuni peke yake, kama mtu aliyefika mkutanoni mapema. Niliung'oa. Ukarudi, na safari hiyo haukuja peke yake. Nilipomaliza chuo na kuanza kufundisha watoto wa chekechea hapa nyumbani, nilikuwa na safu nzima chini ya kidevu na kivuli juu ya mdomo, na kila asubuhi nilitangulia kushika kioo kabla ya kushika kikombe cha chai. Nilikuwa nimejifunza kukaa darasani mgongo ukielekea dirisha. Haikusaidia. Mtoto wa chekechea hajui kuficha anachokiona.

"Mwalimu," msichana mmoja aliniambia nikimfunga kamba za viatu, "hata guka yangu ako nazo."

Nilimwambia amsalimie huyo babu yake.

Pale kituo cha kununulia majani ya chai, tunapongoja lori la kiwanda, ndipo elimu yote ya Boito inapotolewa bure. Kila mama alikuwa na sababu ya ndevu zangu. Mmoja alisema ni sindano ya kupanga uzazi, ingawa sikuwahi kudungwa. Mwingine alisema ni kuku wa kisasa, hao wanaokua haraka kwa dawa. Wa tatu alisema ni dawa ya magugu: unashika pampu, unajipangusa jasho usoni, dawa inaingia. Lakini sababu iliyowaridhisha wote ilitoka kwenye kazi yetu wenyewe.

"Si wewe unachuma majani?" mama mmoja jirani aliniuliza, mkono kiunoni. "Chai ukiichuma inafanya nini? Si inarudi? Sasa wewe kila asubuhi unachuma hiyo kidevu, unafikiria itachoka? Iwache ikuwe mti, itatulia."

Wote walikubali kwa vichwa, na mimi, mwalimu mzima mwenye cheti, nikakubali pia. Niliziacha mwezi mzima zitulie. Hazikutulia. Nilizinyoa kwa wembe wa mume wangu na kwa muda mrefu sikumwamini mtu yeyote wa pale kituoni, hata kuhusu bei ya mahindi.

Mume wangu ni mtoto wa watu waliotoka upande wa ziwa. Baba yake alikuja kuchuma majani kwenye shamba kubwa la chai, naye akazaliwa kambini, akakua akisema Kipsigis kwa lafudhi ya kwao na Kijaluo kwa lafudhi ya kwetu. Anafanya kazi kiwandani, kule majani yanakonyaushwa, na harufu hiyo ya majani yaliyolegea huja naye nyumbani. Ni mtu mpole kupita kiasi. Nilipomuuliza kama ndevu zangu zinamuudhi, alifikiria kwa muda mrefu, nikaanza kukasirika.

"Mimi nilikupata ukiwa nazo," akasema mwishowe. "Nilidhani ni zako."

Kilichotuuma ni kitu kingine. Tulitaka mtoto, na mtoto hakuja. Siku zangu za mwezi zilikuwa zinakuja zinapotaka. Zingekosa miezi kadhaa, halafu zije kwa hasira, nilale kitandani nikikunja magoti. Sikuwahi kufikiria kwamba kidevu na tumbo vinaweza kuwa na neno moja. Ndevu zilikuwa shida ya kioo. Mtoto alikuwa shida ya moyo.

Nilienda zahanati ya karibu. Kijana aliyenihudumia alikuwa na haraka lakini mwenye heshima, na aliponitazama usoni aliuliza swali la maana kabisa.

"Kwenu kuna mama mwingine ako na ndevu?"

"Gogo yangu," nilisema. "Mama ya baba."

Nilisema bila kusita, tena kwa fahari kidogo. Na ndivyo ilivyokuwa. Ungeniuliza siku hiyo nyanya yangu ni nani, ningekutajia Gogo Mkubwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Shamba tunalolima ni lake. Jina la baba ni la mume wake. Ndivyo tunavyohesabu.

Yule kijana alitabasamu. "Basi hiyo ni ya ukoo. Kuna familia ziko hivyo, wamama wanaota nywele na hawana ugonjwa wowote. Usijisumbue. Na hiyo ya mtoto, ngojeni tu, bado hamjazeeka."

Nilirudi nyumbani nimetua mzigo. Nilimkuta Gogo Mkubwa amelala nje kwenye mkeka, maana miguu ilikuwa imeanza kumkataa, nikamweleza kwamba hospitali wamesema ndevu zangu ni zake. Alifurahi mno. Alinyoosha mkono wake mkavu akanishika kidevu, akakisugua na kidole gumba, upande mmoja na mwingine.

"Umechukua changu," akasema kwa Kipsigis. "Sikufikiria nina cha kuachia mtu mwilini."

Sikuyapima maneno hayo siku ile. Nilicheka tu, naye akacheka. Mvua kubwa zilipofika alifariki, tukamzika kona ya juu ya shamba, mahali chai inapokutana na miti inayozunguka shamba. Niliporudi kutoka kaburini nilijitazama kwenye kioo na sikuzing'oa, safari hii kwa kupenda mwenyewe. Nilizipenda siku hiyo. Nasema wazi kwamba nilizipenda.

Miaka ikapita na mtoto hakuja. Mama mkwe wangu hakuniuliza, lakini kila tulipomtembelea alinipa kuku, na kila kuku alikuwa na swali. Shangazi yangu mmoja alikuwa na mdomo mwepesi zaidi. "Hiyo ndevu ni alama," aliniambia siku moja tukiosha sufuria. "Hata mzee, Gogo Mkubwa, alikuwa nayo, na hakuzaa. Wewe mwambie bwana yako mtafute msichana, umuoe wewe." Alikuwa anatania nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo niliyolala nayo. Mume wangu alipoisikia akasema amesikia kuna daktari wa wanawake Kericho, na kwamba tunaenda.

Daktari mwenyewe alikuwa mama wa umri wangu, kwao pia upande wa ziwa, miwani imeshuka puani. Alinipima uzito na shinikizo la damu. Alinigusa shingo, akatazama mikono na tumbo, akaniuliza kama natumia dawa yoyote ya muda mrefu, kama napaka krimu zenye dawa, kama sauti yangu imebadilika. Mume wangu alikuwa amekaa kando akishika kofia yake.

"Na siku zako zinakuja kila mwezi?"

"Zinakuja zikitaka."

"Kwenu kuna mwingine ako na nywele hivi?"

"Gogo, mama ya baba," nilisema. "Ni ya ukoo. Nilishaambiwa."

"Yeye zilianza akiwa na miaka ngapi?"

"Akiwa mtu mzima. Baada ya kuoa."

"Baada ya kuolewa."

"Baada ya kuoa."

Kalamu ikasimama. Aliniangalia juu ya miwani. "Mama, alizaa watoto wangapi?"

"Hakuzaa."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na baba yako?"

"Ni mtoto wake."

Niliona anajaribu kuipanga hiyo hesabu na inakataa. Mume wangu akakohoa, akamweleza kwa Kijaluo, maneno machache. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaigeukia ile karatasi yake, na akasema kwa upole, kama mtu anayesahihisha tahajia:

"Kumbe. Sasa kwa damu, huyo si nyanya yako."

Mimi nina hasira za karibu. Huja kabla sijaziita. Nilisimama na mkoba wangu.

"Daktari, mimi nimekuja hapa unitibu," nilisema. "Sikukuja unichagulie gogo."

"Mama, kaa chini. Sikusema vibaya. Lakini kama hizi nywele hazikutoka kwake, kuna sababu nyingine, na hiyo sababu ndiyo pengine inazuia mtoto. Lazima tuanze upya, uniambie ya watu wako wa damu. Unajua watu husema mficha uchi hazai."

Ingekuwa methali nyingine ningekaa. Hiyo iliniwasha zaidi, kwa sababu sikuwa nimeficha kitu. Nilikuwa nimesema ukweli kama tunavyousema kwetu, tangu nizaliwe, mchana kweupe. Na nilikuwa nasikia kile kidole gumba kwenye kidevu changu. Umechukua changu. Mwanamke aliyekwenda kaburini akiamini kuna kitu cha mwili wake kimebaki duniani, na mimi nitoe kinywa changu niseme hapana, hakuna? Nilitoka. Mume wangu aliomba msamaha pale ndani, kisha akanifuata na kofia yake. Tulirudi Boito.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kumsalimia Gogo Mdogo. Alikuwa nyuma ya jikoni, kwenye kile kile kigoda, akichagua maharagwe kwenye ungo. Tangu mwenzake aondoke alikuwa amekalia kigoda hicho, na kidevu chake kilibaki laini kama nje ya kikombe. Nilikuwa nimemkataza mume wangu kusema lolote. Lakini mpole akishachoka na kimya hakuna wa kumzuia.

"Gogo," alisema, kwa Kiswahili, kama wanavyosemezana wao wawili, "daktari ameuliza nani alizaa baba ya huyu, na huyu amekasirika ametoka, na hatujatibiwa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Hilo ni neno ambalo halikuwahi kusemwa katika boma letu, na sasa limesemwa na mkwe, mbele ya maharagwe. Gogo Mdogo aliendelea kuchagua. Alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa lingine.

"Mimi ndio nilizaa," akasema. "Kwani nani alikataa?"

"Gogo, sikutaka..." nilianza.

"Kuja hapa."

Nilichuchumaa mbele yake. Alichukua mkono wangu akauweka kwenye kidevu chake na kuusugulisha hapo, mbele na nyuma.

"Iko nini hapo?"

"Hakuna kitu."

"Mama yangu alikuwa hivyo. Na huyo mama yako pia ako hivyo. Hiyo yako si ya kwetu, na si ya mzee. Enda utafute ni ya nani."

"Lakini Gogo, alinishika akasema nimechukua yake. Nitasemaje hakuzaa?"

Hapo ndipo alipoweka ungo chini. Aliacha Kiswahili na kunijia kwa Kipsigis, na nakumbuka maneno yake vizuri kwa sababu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema siku alipoletwa kuolewa, wazee waliketi hapo mbele ya nyumba, na kabla ya ng'ombe kuonyeshwa, mwenye kuoa alitakiwa aseme kwa nini anaoa. Gogo Mkubwa alisimama mbele ya watu wote, wanaume kwa wanawake, akasema: mimi sikuzaa. Alilisema kwa sauti. Msichana aliyekuja kuolewa alikuwa anatazama miguu yake, na aliposikia sauti hiyo akainua macho, akaona kwamba huyu hana aibu nalo, na akasema moyoni kwamba hapa atakaa.

"Yeye mwenyewe alisema, na ndiyo maana uko," Gogo Mdogo akaniambia. "Asingesema, nyumba ingekufa. Wewe unaona haya kusema neno ambalo mzee hakulionea haya?"

Nililia, si kwa huzuni tu, na yeye akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akarudi kwa Kiswahili na kutugeukia sote wawili.

"Ng'ombe yake yote ilienda ndio hii nyumba isikufe. Sasa ikufie hospitali juu ya adabu? Rudi huko. Na mwambie huyo daktari pole."

Nilirudi. Daktari hakunikumbusha chochote. Aliuliza upya, nami nikajibu. Nilisema kwamba kwa damu, upande wa baba hakuna mwenye ndevu ninayemjua. Aliyemzaa baba ana kidevu laini, na mama yake alikuwa hivyo hivyo. Mama yangu pia. Upande wa babu hatujui na hatuulizi. Yule Gogo niliyekuambia, nilisema, hakuzaa. Nilitamka kwa sauti ya kawaida, kama ninavyoita majina ya watoto darasani. Daktari aliandika, kisha akasema, "Asante, mama. Na mimi siku ile ningeuliza vizuri zaidi."

Nilitolewa damu, nikapigwa picha ya tumbo ya kile kifaa baridi kinachoteleza. Majibu yalipokuja, alinichorea kwenye kipande cha karatasi, kitu kama viazi viwili vidogo vyenye vidoti, akasema ndizo ovari zangu, nyumba za mayai. Kila mwanamke, alisema, ana homoni kidogo za aina ya kiume, na mwanamume ana kidogo za kike. Kwangu zile za kiume zilikuwa zimezidi. Mayai yalikuwa yanaanza kukomaa mengi kwa pamoja, halafu yanasimama njiani, hakuna linalofika. Ndiyo maana siku zangu zilipotea. Na homoni hizo hizo ndizo zilizokwenda usoni na kuamsha nywele ambazo zingebaki malaika, vile vinyweleo laini visivyoonekana. Si sindano, si kuku, si pampu ya dawa. Alisema ziko sababu nyingine, tezi zilizo juu ya figo, uvimbe mara chache, dawa fulani, na hizo amezipima na kuziondoa. Alisema pia ukoo unaweza kuwa sababu tosha, na yule kijana wa zahanati hakukosea kwa alichoambiwa.

"Na Gogo?" niliuliza. "Zake zilitoka wapi?"

Aliweka kalamu chini na kunijibu kwa makini, na kwa hilo nilimsamehe yote. "Nafikiri yeye zilikuja na umri. Siku za mwezi zikikoma, homoni za kike zinashuka, zile zingine zinabaki na nguvu kidogo. Wamama wengi huota. Pengine alipomuoa nyanya yule mwingine ndiyo alikuwa anafika umri huo."

Kwa hiyo ng'ombe na ndevu vilipishana tu mlangoni. Nilimweleza pia habari ya kuchuma na kuachia, na kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka mpaka miwani ikaanguka.

"Mama, nywele si chai. Nyoa, ng'oa, fanya unavyotaka, haziongezeki kwa kunyolewa. Lakini pia hata tukirekebisha homoni, zilizoota zimeota. Tutazipunguza nguvu. Kioo utaendelea nacho."

Nilipewa vidonge, nikaambiwa nitembee na nipunguze mwili kidogo. Nilikuwa naenda shuleni kwa miguu nikipitia katikati ya chai, na wale mama wa kituoni wakaanza kusema sasa mume wangu ameuza pikipiki. Siku zangu zilirejea polepole, zikakosa, zikarejea tena. Baadaye akaniongezea dawa nyingine ya kusaidia yai likomae. Kuna miezi niliyotumaini na kuvunjika moyo, na sitaki kuipamba. Mume wangu alinyausha majani mchana na kunipikia uji jioni. Halafu mwezi mmoja siku hazikuja, na nilinyamaza, nikiogopa kusema, mpaka daktari aliponigeuzia skrini nikaona kitu kidogo kinapigapiga.

Nilizaa msichana. Sharubu zangu zilikuwepo leba pamoja nami, maana uchungu haukunipa nafasi ya kushika kioo, na mkunga hakusema neno.

Tulipotoka hospitali mume wangu alikubali mtoto apelekwe kwanza Boito. Jina la ukoo wao mama mkwe wangu angelileta kwa njia zao, alisema, lakini lile la kuitia, lile sisi tunaloliita kurenet, waachiwe wamama wa kwetu. Kwa desturi hiyo wanawake hukaa na mtoto mchanga na kumtajia majina ya wazee waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, wakingoja apige chafya. Jina litakalokutana na chafya, mwenye jina hilo ndiye aliyerudi.

Gogo Mdogo alimpakata mtoto nyuma ya jikoni, kwenye kigoda, jua likiwa upande wa miguu. Shangazi yangu alikuwepo, yule wa mdomo mwepesi, na mama yangu. Nilikaa chini karibu nao. Gogo alianza na mama yake mwenyewe aliyemzaa. Akamtaja taratibu, akangoja. Mtoto alilala. Akataja wengine wa upande wake, watu wa damu, wale ambao daktari angependa kuwaandika. Mtoto alilala tu. Shangazi akasema labda abadilishwe mkono.

Kisha Gogo akainamisha uso na kulitaja jina la Gogo Mkubwa. Mkono wake wa kulia ulipita karibu na pua ya mtoto, kama mtu anayefukuza nzi, na mtoto akakunja uso mzima akapiga chafya kubwa kuliko mwili wake.

Wanawake walishangilia. Shangazi alipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakageuka. Gogo Mdogo hakushangilia. Alimfuta mtoto pua kwa upindo wa leso, akaweka kidole gumba kwenye kidevu chake kidogo, akakisugua upande mmoja na mwingine.

"Umerudi," akamwambia. "Sasa na wewe umezaliwa katika nyumba hii."

Ule mkono wa kulia alikuwa ameuficha chini ya leso, lakini nilikuwa nimekaa karibu, na nilikuwa nimeshaona unga wa tumbaku ya kunusa kwenye ukucha wake. Sikumwambia mtu.